Kivuli Kwenye Jicho la Kinyozi

Kinyozi wetu hapa Kano hunyoa akiimba puani, kidole gumba kikitangulia wembe kana kwamba kinaupimia njia. Tangu apigwe ngumi kwenye jicho la kushoto katika dambe, mchezo wa ngumi wa Wahausa, uvimbe umekwisha, ila huona vimulimuli mchana kweupe. Jana tulikuwa wawili tu, wembe ukiwa kooni mwangu, aliposema kwa upole, "Bwana, sogea, unanizibia mwanga."

"Unaongea na nani, Malam?"

"Huyo mweusi aliyesimama kushoto. Asubuhi alikuwa mlangoni, sasa amefika kitini."

Wimbo ukakatika. Akauweka wembe chini, akafunika jicho la kulia, lile lililo zima, kwa kiganja, akanigeuzia uso polepole.

"Danladi," akasema, "sema kitu, nijue ulipo."