Mzee Aliyeshika Volani kwa Mikono ya Mawese

Wapo wanaosema nilikuwa nimekunywa. Hao waulize kwanza kama kuna mtu Rumonge nzima aliyewahi kuniona na chupa mkononi, kisha warudi tuzungumze. Mimi ninayekusimulia ndiye niliyekuwa ndani ya gari, na siku yenyewe siwezi kuichanganya na nyingine kwa sababu ndiyo siku niliyooa. Mtu anaweza kukosea siku ya msiba wa jirani, lakini harusi yake mwenyewe?

Ilikuwa mwaka ule wa Uhuru. Bendera mpya zilikuwa bado zinaning'inia kwenye maduka, rangi hazijapauka, na kila mtu alikuwa anatembea kifua mbele. Nilikuwa shoferi wa muuza vitambaa mmoja, Bwana Saidi, mtu mwema sana ila alikuwa na wazimu wa kitu kimoja: usukani wa gari lake. Volani, kama tunavyosema sisi. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. Na Rumonge ni mji wa mawese, mafuta yako mikononi, yako mlangoni, yako mpaka kwenye mabuku ya watoto wa shule. Basi Bwana Saidi akampa fundi cherehani kitambaa cheupe, nikashonewa glavu. Bila glavu hugusi volani. Akikuta alama ya mafuta, hata ya kidole kimoja, anakuambia shuka, na hupandi tena.

Usicheke. Nilizipenda glavu zile. Nikipita sokoni wanawake walikuwa wananiita Gavana, nami sijibu, nageuza shingo tu.

Mchumba wangu alikuwa Zena, binti wa Mzee Ramazani, fundi wa mitumbwi pale Rumonge. Mzee huyu alikuwa hanitaki hata kidogo. Shoferi, alisema, ana mke kila penye kituo. Zena akalia, mama yake akalia, mwishowe akakubali kwa shingo upande: ndoa itafungwa Ijumaa alasiri, na adhana ya magharibi ikilia bwana harusi hajafika, basi hakuna ndoa, na asirudi tena. Aliyasema hayo mbele ya watu, na hakuwa mtu wa kugeuka.

Kwetu ni Magara. Bwana Saidi aliniazima gari nikamchukue shangazi yangu Mwajuma, aliyenilea, maana bila yeye nisingekubali kuoa. Shoferi mwingine hakuwepo, kwa hiyo bwana harusi nilijiendesha mwenyewe, kanzu mwilini, kofia kichwani, glavu mikononi. Shangazi tayari ameshaingia garini, akashuka kufuata udi. Akaingia, akashuka tena kubadilisha kanga. Tulipoondoka jua lilikuwa limeanza kuinamia milima ya Kongo.

Tukaenda vizuri, shangazi anaimba kule nyuma. Tulipofika kwenye michikichi ya upande wa Kizuka nikamwona mzee mmoja amesimama katikati ya njia. Kifua wazi, kitambaa kiunoni, viganja vyote viwili vinachuruzika mawese mabichi. Nikafunga breki. Akaja dirishani.

"Amahoro, mutoto yangu," akasema, akaninyooshea kifundo cha mkono.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kwetu, mtu mwenye mkono mchafu hakupi kiganja, anakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika kwa heshima kwa mkono wako msafi. Mkiwa wachafu wote wawili, mnagusanisha vifundo, mnacheka, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Mimi nikaangalia glavu zangu. Nikawaza mafuta yatoke kwake yaingie kwenye glavu, glavu zishike volani, na Bwana Saidi ananisubiri. Nikamnyooshea na mimi kifundo. Yaani nilimwambia mzee wa watu kwamba mikono yangu ni michafu kama yake, na huku nimevaa vitambaa vyeupe pepe. Akavitazama, akatabasamu, akasogea pembeni.

Nikakanyaga pedali ya mafuta. Gari kimya. Nikajaribu tena, kimya. Nikatoka na manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, nikaizungusha mpaka kofia ikaanguka.

"Iko nini tena?" shangazi akauliza.

"Iko gari, shangazi."

Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe anaangalia ziwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko cha chini chini. Jua limebakiza kidogo tu. Niliogopa, nakuambia ukweli, na sikumwogopa yeye wakati ule, niliogopa adhana. Nilimwona Zena amekaa na hina yake mikononi, anasikiliza kila gari linalopita njiani. Nikawaza, huenda mzee huyu amenikasirikia, na dua ya mzee aliyekasirika huipati ukimpa mgongo. Nikavua glavu, nikaziweka juu ya boneti, nikamwendea. Nikamwinamia, nikamshika kile kifundo kwa mkono mtupu.

Kilikuwa cha baridi kama mtungi wa alfajiri. Na mshipa haupigi. Nikapapasa kwa kidole gumba, nikatafuta, hakuna. Wewe ungefanyaje? Miguu yangu ilishaanza kukimbia bila mimi. Lakini nikikimbia, Zena naye ndiyo basi. Nikashikilia, nikaongeza na mkono wa pili.

"Sasa tumesalimiana," mzee akasema. "Ingia upande ule. Harusi haingoji mutu."

Mimi sikuwa nimemwambia habari ya harusi.

Akakaa kwenye kiti changu, akaishika volani nyeupe kwa viganja vile vinavyochuruzika. Moyo wangu ulilia. Nikaona mkono wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Halafu tukaondoka, na niamini, injini haikuwaka. Tulipita kuku wanaodonoa katikati ya barabara, hawakuruka. Nilisikia mawimbi, nilisikia watu wanazungumza majumbani, gari lenyewe sikulisikia. Mzee alikuwa anavuma wimbo puani, amefurahi kama mtu anayekwenda kwa wanawe. Hofu ikanitoka, sijui ilikwenda wapi. Nikajikuta namfuatisha.

Gari lilisimama mbele ya mlango wa Mzee Ramazani. Ngoma zinapigwa, jua bado ukucha mmoja juu ya milima. Nikageuka kusema murakoze, asante. Kiti kitupu.

Nikaingia mbio. Kwenye ndoa, kama unavyojua, walii na bwana harusi wanashikana viganja. Mzee Ramazani akanipa mkono wake huku ameangalia pembeni. Viganja vilipogusana akashtuka, akauinua mkono wangu mpaka puani, akanusa mawese mabichi.

"Umemusalimia nani njiani?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akaniuliza mkono wa kushoto ulikuwaje. Nikamwambia, hauna kidole cha mwisho.

Mzee Ramazani, aliyekuwa hajawahi kunichekea hata mara moja, machozi yakamtoka na kicheko kikamtoka, vyote pamoja. "Ni baba," akasema. "Amekamua mawese kule Kizuka mpaka kufa kwake, Zena hajazaliwa. Mimi nimemukataa huyu kijana, na yeye ameenda kumuchukua mwenyewe." Kisha akamgeukia sheikh: "Soma haraka, mzee asije akarudi kuniuliza."

Tukaoana. Nyumba ililipuka kwa vigelegele, hata majirani wasioalikwa waliingia kucheza. Shangazi Mwajuma nikamuuliza kama alimwona yule mzee. Akasema hakuona mtu. Aliniona mimi tu, nimekaa upande wa abiria, mikono magotini, ninaimba, na gari linajiendea. Mbona hukupiga kelele, shangazi? "Nilifikiri ndizo gari za Uhuru," akajibu, akaenda zake kucheza.

Bwana Saidi alikuja asubuhi na sabuni. Akasugua volani mpaka akatoa jasho, mafuta hayakutoka hata tone, alama ya mikono miwili imekaa pale na vidole tisa vinahesabika. Nilimsimulia yote. Akakaa kitako mavumbini, akacheka, na toka siku hiyo hakuuliza tena habari ya glavu. Zile za kwangu sikuziona tena.

Mzee Ramazani aliishi miaka mingi baadaye, na kila nikiingia kwake alinipokea kwa mikono miwili, mimi shoferi. Mkono wangu huu wa kulia, jua likizama, unanukia mawese mabichi. Wajukuu wananigombania waunuse.

Wewe unayepita barabara ile, mtu akikunyooshea kifundo cha mkono, vua ulichovaa, umshike. Hujui ni mkwe wako, hujui amekujia na nini. Na ukikuta mshipa haupigi, usiachie. Mimi sikuachia, na Zena yuko jikoni, nenda kamuulize.