Kichwa cha Kinyozi

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na huyu wetu hakuthubutu hata kujaribu. Kila Jumapili mkewe alimkalisha uani, akamfunga shuka shingoni, akamnyoa huku akimtania kwamba kichwa kikubwa vile kilistahili kulipiwa mara mbili.

Asubuhi moja, mkewe akiwa anafua, mkono wa kulia ulilegea, ulimi ukawa mzito, akaanguka kando ya beseni. Hospitalini wakasema mshipa umepasuka, damu inavujia ndani ya ubongo.

"Mzee, kuna upasuaji mpya tunaujaribu," daktari alimwambia. "Tunatoboa tundu dogo kwenye fuvu, tunapitisha mrija, tunaifyonza damu. Wagonjwa wengine wanapata dawa tu, kama kawaida. Anayechagua nani apate nini ni kompyuta, kama bahati nasibu."

"Huo mpya unaponya?"

"Bado hatujui. Tungejua, tusingejaribu."

Kinyozi alimpenda kwa jibu hilo. Akakubali, na kompyuta ikachagua mrija.

Muuguzi alikuja na wembe. Kinyozi akaupokea.

"Hicho kichwa niachie mimi, dada."

"Tunahitaji pale mbele tu, baba."

"Mimi simnyoi mtu nusunusu."

Akamnyoa kichwa chote, polepole, machozi yakimdondoka. Alipomaliza akakung'uta shuka na, kwa mazoea, akaita: "Anayefuata!" Muuguzi akaduwaa. Kinyozi akacheka, kisha akalia kwa sauti. Alimwomba Mungu jambo moja tu: mkewe arudi akiwa yeye yule yule. Mkono ungekuja baadaye, au usije.

Upasuaji ulikwisha salama. Mkewe alifumbua macho lakini hakusema neno, akawa anamtazama mumewe kama anavyotazama ukuta. Kinyozi alikaa naye kila jioni. Kila Jumapili alimnyoa upya, lakini nywele zake mwenyewe zikawa msitu. Vinyozi wenzake walipojitolea kumnyoa, aliwakatalia. "Kichwa hiki kina mwenyewe," akawaambia.

Jioni moja mkono wa kushoto wa mkewe ulipanda taratibu, ukapapasa ule msitu, kisha ukapapasa upara wake mwenyewe.

"Tumebadilishana?" akauliza kwa ulimi mzito.

Kinyozi akauficha uso wake kwenye blanketi.

Daktari alifurahi, ila akasema mgonjwa mmoja si ushahidi. Huenda angeamka hata bila mrija. Kinyozi akaitikia, "Sawa, daktari."

Jumapili ya kwanza nyumbani, mkewe alimnyoa kwa mkono wa kushoto. Mabaka kila mahali, na mkato mmoja juu ya sikio. Kesho yake kinyozi akafungua duka lake bila kofia.