Refa Aliyekula Kwangu

Ringi mbili za uwanja wa mpira wa kikapu hapa Ruangwa nilizichomelea mimi. Shule niliishia darasa la tano, lakini futi kumi kutoka chini hadi ringi nazijua. Nilipima mara tatu, na hata leo aje yeyote na futi yake apime. Nilianza kwa kuazima mashine ya jirani. Sasa mageti ya nusu ya mji yametoka mikononi mwangu, na wenye diploma wananiita bosi.

Binti yangu alichezea timu ya wasichana ya mji. Mechi ya kwanza walikwenda Nachingwea, nami nikaenda. Refa alikuwa mwalimu mmoja mwembamba, mchezo aliuachia. Wasichana walisukumana mabega na hakupuliza, si kwetu wala si kwao. Tulifungwa, na bado nikampenda. Nikasema huyu ana kipimo kimoja, kama mimi.

Marudiano yakawa kwetu, refa yuleyule. Siku hiyo alikuja pia mtu wa mkoa kutoka Lindi, ana daftari, anachagua wasichana wa timu ya mkoa. Binti yangu alikuwa kidato cha nne. Asipochaguliwa siku ile, basi tena.

Refa alishuka kwenye basi asubuhi. Mgeni hali hotelini mimi nikiwepo. Nikampeleka nyumbani akala wali kwa kuku, nikamfungia na korosho za njiani. Sikumwomba kitu, naapa.

Kilichoniponza ni mdomo. Uwanjani nikasimama katikati ya watu, nikasema ili wasikie, "Refa katoka kwangu sasa hivi, kashiba."

Mashabiki wa Nachingwea wangeliacha hilo? Mpira haujadunda mara tatu, mmoja akapaza sauti, "Refa, ulipewa paja au kidari?" Wakacheka uwanja mzima, hata wa kwetu. Refa akatazama chini.

Tangu hapo binti yangu akigusa mtu, filimbi. Bega lilelile la Nachingwea sasa likawa faulo. Yeye akikumbwa, kimya. "Kuku huyo anatapikwa," wakasema nyuma yangu. Robo ya tatu haijaisha, akapigiwa faulo ya tano, na ya tano ni kutoka nje, hakuna kurudi tena. Akakaa benchi, taulo kichwani. Mtu wa daftari alikuwa anaandika wengine.

Mechi ilipokwisha nikamfuata refa. "Kule kwenu bega hili halikuwa faulo."

Alikuwa anafungua kamba za viatu, hakuinua uso. "Mzee, kule nilikuwa sijala kwa mtu."

Na mpaka leo nasema alikuwa mwoga, maana mwenye kipimo hapindishwi na kicheko. Korosho zangu hakuondoka nazo. Aliziacha kwenye benchi, pale alipokaa binti yangu.

Majina yalipotoka, la kwake halikuwemo. Jioni nikamwambia binti yangu kwamba refa ndiye aliyemnyima. Alikuwa ameinama anasugua sufuria.

"Wali ule nilipika mimi, baba," akasema. "Siku ya mechi. Uliniamsha alfajiri."

Akaendelea kusugua, na sufuria ilikuwa imeshatakata.