Kuchagua Mfumo wa Seva Penye Radi

Siku yangu ya kwanza kiwandani, nje kidogo ya Litein, Mkuu wa Kompyuta hakunionyesha kiti. Alinionyesha waya. Ulishuka kutoka mlingoti wa redio juu ya paa hadi nyuma ya seva, ile mashine iliyopokea kwa redio hesabu ya kilo za majani ya wakulima kutoka vituo vyote vya kununulia chai.

"Ukisikia ngurumo, zima mashine, halafu chomoa hii," alisema. "Usingoje ikaribie." Aliuonyesha kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu siku aliyongoja.

Ninyi vijana mnaijua mvua yetu: inakuja alasiri, na radi zake. Alasiri ndiyo saa ya kilo kuingia, kwa hiyo hatukuweza kuzima mapema. Na mfumo endeshi wa zamani, yaani programu kuu inayoendesha mashine, ulizimika polepole. Nilisimama pale nimeshika waya, nikingoja skrini iwe nyeusi. Niliogopa, na sikuwahi kuzoea.

Nilipopewa cheo cha Mkuu, nilijaribu mifumo mitatu ya chanzo huria, yaani ile ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Kwingine watu husifu seva kwa kukaa miaka bila kuzimwa. Mimi nilipima jambo moja: umeme ukikatwa ghafla, itaamka? Ubuntu na Debian ziliamka, ila mara nyingine zilikagua diski kwanza. FreeBSD, kwa mpangilio wake wa diski uitwao ZFS, iliamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo ningechomoa umeme na waya papo hapo, bila kungoja skrini, na kukimbia. Niliipenda mno.

Meneja wa Kiwanda alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo FreeBSD, hapa nani mwingine anaijua?"

"Ni mimi tu, sir."

"Sasa madam, siku radi itakupiga, nani ataamsha hiyo kitu?"

Hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu anayeulizia mbolea. Lakini nilitoka mle ofisini nikiwaza: amesema "siku", si "kama". Niliweka Debian, ambayo vijana waliotoka vyuoni Kericho waliifahamu. Ilizimika upesi kuliko ile ya zamani, ila bado nilibaki nimeshika waya.

Sasa nimestaafu, na waya anaushika Chebet, niliyemfundisha mwenyewe. Ngurumo zikianza, chai yangu hupoa mezani. Zikipita nampigia simu, na asipopokea upesi nasimama mlangoni nikitazama upande wa kiwanda.

"Imeamka, mama," husema akipokea.

Siku zote hunijibu kuhusu mashine. Sijawahi kupiga simu kuulizia mashine.