Risasi Ingeishia Wapi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata kitasa cha mlango kilivyozunguka. Umenitumia picha za bunduki mbili kutoka Buffalo ukiniuliza uchukue ipi, yenye risasi nyembamba au yenye risasi nene. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi, kwa sababu niliwahi kuchagua.

Ilikuwa Louisville, mwaka 2015. Wewe ulikuwa bado mdogo, ukikaa kwa bibi yako Buffalo. Jirani yetu wa chini alikuwa amevunjiwa mlango mchana, na mimi nikaacha kulala. Nikaenda dukani na Bahati, mwenzangu wa kazi ya ghala. Muuzaji, mzee mpole, akalaza bunduki mbili juu ya meza. Zote ukivuta kifyatulio zinapiga, na zinajipakia zenyewe. Moja ilikula risasi ndogo, yenye mbio sana. Nyingine ilikula risasi nzito, zilezile tulizozisikia Kivu tukilala chini ya kitanda. Bahati akaishika ile ndogo akacheka.

"Kaka, hii ni ya kuulia panya."

Mzee akatuuliza kuta za nyumba yetu ni za nini. Akasema zote mbili zinapita ukuta wa chokaa na mbao, kwa hiyo tufikirie upande wa pili kuna nani. Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa nimeona risasi nzito ikipita mlango wa mbao kwetu, na niliamini kinachonitisha ndicho kitanilinda. Nikachukua nzito.

Mwezi haukuisha, bibi yako, mama yangu, akafariki Buffalo. Tukamzika huko. Niliporudi Louisville watu wakaanza kuja kukaa nasi. Unajua desturi yetu: nyumba ya kilio haifungwi, na mfiwa hapigiwi hodi. Mtu anasukuma mlango, anaingia, anakaa. Mama yako alikuwa akiufungua, mimi naufunga. Wageni wakagonga, wakashangaa.

Jumamosi mchana mama yako alishuka kwa jirani kupika, pamoja na dada yako Neema, aliyekuwa na miaka saba. Nilibaki peke yangu. Kitasa kikazunguka, kikasimama. Kikazunguka tena. Hakuna sauti. Nikaichukua bunduki, nikaondoa kizuizi chake cha usalama, nikailenga katikati ya mlango. Kidole kilikuwa mahali pake. Mlango ukasukumwa kwa bega. Mwanangu, sitakudanganya: nilikuwa nimekwisha kuanza kuvuta.

Ndipo nikasikia mtu akikohoa.

"Mwipwa, mlango wa kilio unafungwaga tangu lini?"

Alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, ametoka Columbus asubuhi kuja kukaa nasi. Nilifungua mlango, bunduki ikiwa bado mkononi. Nyuma yake, ameshika koti lake, alisimama Neema na mfuko wa maandazi. Walikutana ngazini.

Mjomba hakupaza sauti. Alimtuma Neema jikoni, akaniambia nitoe risasi. Nikazitoa. Akaokota moja, akaipima kiganjani.

"Ulichagua nzito ili ipite mlango. Bon, sawa, ingepita. Ingenipita na mimi." Akaweka kiganja tumboni pake. "Kichwa cha mtoto kilikuwa hapa."

Nilimlilia mama siku hiyo kwa mara ya kwanza, na mlango ulibaki wazi hadi kilio kilipokwisha. Bunduki niliirudisha dukani. Yule mzee hakuniuliza sababu.

Sikuambii kila mwenye bunduki ni mbaya. Wapo wanaowinda, na wanazifungia vizuri. Ila wewe umeniandikia kwamba siku hizi hulali. Mtu asiyelala asichague bunduki, nyembamba wala nene. Mpigie kwanza dada yako, akwambie uzito wa mfuko ule wa maandazi; anaukumbuka. Wajue majirani zako kwa majina. Na kama siku moja utashika silaha, ujue kwanza risasi yake itaishia wapi. Usipojua, iweke chini.

Wiki iliyopita tulimzika mjomba, Columbus. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwake, na watu wanaingia bila hodi. Njoo ukae nasi. Mungu akurudishie usingizi wako, mwanangu, na kila atakayesukuma mlango wako akukute mikono mitupu.