Bustani ya Nyuma ya Maabara

Mama yangu alizikwa Lupiro wakati wa mavuno ya mpunga. Watu walitoka mashambani moja kwa moja kuja kuzika, wengine wakiwa bado na makapi kwenye nywele. Nilikaa nao mkekani mpaka matanga yalipoanuliwa. Nilipokea pole, nikagawa chai, nikakunja mikeka ya kuazima na kuirudisha kwa wenyewe. Kisha nikapanda bodaboda, nikavuka daraja kurudi Ifakara, ambako nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari iliyo njia ya kwenda Mlimba.

Sikuwa nimelia. Shangazi zangu walilisema hilo jikoni, tena si kwa kunong'ona sana. "Huyu mtoto machozi yake yako wapi?" Hata mimi sikujua. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona kabisa kuwa ni wako, lakini ukiuminya hausikii kitu.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa saba, mkuu wa shule aliniita ofisini. Mwalimu aliyekuwa akisimamia klabu ya bustani alikuwa amehamishwa.

"Madam, klabu hii nakukabidhi wewe," alisema. "Kukaa nje kidogo kutakusaidia."

Nikasema sawa. Siku hizo nilisema sawa kwa kila kitu. Angenipa kwaya, mimi nisiyejua kuimba, ningesema sawa.

Klabu yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na jina lake kwenye ubao wa matangazo, na kipande cha ardhi nyuma ya maabara kilichojaa magugu na vigae vya chupa. Wanafunzi waliokuja siku ya kwanza kila mmoja alikuwa na lake. Wengine walikuwa wameachwa kwenye timu ya mpira. Wengine walisikia kuwa mboga zitaingia kwenye chakula cha mchana, na maharage yalikuwa yamewachosha. Mmoja alisema wazi, "Madam, mimi nimekuja kukwepa mdahalo." Wenzake wakacheka. Nilijua hapo ndipo mwalimu hucheka nao, nikatabasamu.

Walimchagua mwenyekiti wenyewe. Alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Mchombe, aliyepanga chumba mjini ili asome. Alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno, na viganja vyake vilikuwa vigumu tayari. Yeye ndiye aliyewapanga wengine: hawa wafyeke, hawa waokote vigae, hawa wachimbe. Mimi nilisimama kwenye kivuli cha ukuta wa maabara na kuwaangalia. Udongo wetu ni mweusi, ukilowa unanata kwenye jembe mpaka jembe linakuwa zito maradufu, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingia vidole. Waliupiga siku nyingi ndipo matuta yakaonekana kuwa matuta. Tukasia mbegu za mchicha, chainizi na nyanya kwenye kitalu, tukafunika kwa nyasi, wakawa wanachota maji kwenye pampu ya jikoni kwa ndoo.

Miche ilitoka, lakini ilikuwa myembamba na ya njano. Nikawaeleza habari za naitrojeni kama ninavyozieleza ubaoni kila mwaka.

"Inataka mbolea," nilimaliza.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. Alikuwa mkimya, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma wanaokaa nje ya mji upande wa Namawala, na kila siku alikuja kwa baiskeli. Sidhani kama nilikuwa nimewahi kumsikia akisema chochote ambacho hakuulizwa.

"Madam, kwetu samadi ipo. Imejaa zizini mpaka ng'ombe wanazama."

"Hao ng'ombe wenu ndio waliomaliza mpunga wa baba," alisema mwenyekiti.

"Hawakuwa wetu."

"Wote ni wenu."

Watoto wakanigeukia. Pale mwalimu anatakiwa kusema jambo. Maneno yake nilikuwa nayo yote, nimewahi kuyasema mara nyingi: sisi sote ni ndugu, shuleni hakuna kabila. Niliyatazama yakipita, nikashindwa kuona nani atakayeyatamka. Nikasema, "Jumamosi tunakwenda kuchukua samadi. Anayetaka aje na baiskeli na kiroba."

Mwenyekiti alikuja. Nadhani hakutaka ionekane kuwa kazi imefanyika bila yeye. Tulipita katikati ya majaruba ya mpunga yaliyobaki mabua matupu, tukafika kwenye boma lao, nyumba za udongo zilizozungukwa na ua wa miiba. Mama wa yule msichana alipiga goti kunisalimia, ingawa kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia, kisha akatutolea maziwa kwenye vikombe vya plastiki. Wote wakanywa. Mwenyekiti akasema ameshiba. Lakini alipoanza kujaza viroba alijaza kuliko wote, akafunga kiroba kikubwa zaidi kwenye baiskeli yake.

Njiani kikapasuka. Yule msichana aliyekuwa nyuma yake akasimama, akachana pindo la kanga aliyoitandika kwenye kiti cha nyuma, akazibia pale palipopasuka na kufunga. Hakuna aliyesema asante wala karibu. Niliwaona kama nilivyoona mabango ya barabarani, nikaendelea kukanyaga pedali.

Samadi ilifanya kazi. Mchicha ndio uliotangulia, kisha chainizi ikakunjua majani mapana mpaka matuta hayakuonekana. Siku mpishi alipoikatakata ya kwanza kwenye sufuria la maharage, wanachama wa klabu walipanga foleni mbele kama wenye harusi. Waliniletea sahani mpaka ofisini kwa walimu, wakasimama mlangoni kusubiri nionje.

"Tamu," nilisema. Nilijua ni tamu kwa kuwatazama wao.

Kisha ikaja ile Jumatatu. Jumapili shule ilikuwa tupu, na mlinzi alikuwa geti la mbele. Ng'ombe waliingia kwa nyuma. Tulipofika asubuhi chainizi ilikuwa imebaki vishina, nyanya zimekanyagwa na kudidimia, na kwato zimepita matuta yote. Watoto walisimama pembeni kama watu waliokuta nyumba imeungua. Mwenyekiti aliingia mpaka katikati, akageuka, na sauti yake ikakatika.

"Niliwaambia! Si niliwaambia?" Akamnyooshea kidole yule msichana. "Baba yako amefuata mbolea yake!"

Kuna waliocheka, kicheko cha kukosa la kufanya. Msichana aliweka ndoo chini, taratibu, maji yasimwagike. Akaenda kwenye baiskeli yake akaondoka. Kengele ikalia. Nikawaambia waende darasani, nami nikaenda kufundisha mmeng'enyo wa chakula. Nakumbuka nikichora utumbo ubaoni na mstari wangu ukiwa umenyooka vizuri.

Msichana hakuja kesho yake, wala wiki ile yote. Kwenye chumba cha walimu mmoja akasema, "Huyo ndiyo basi. Utasikia ameozwa." Wengine wakaendelea kusahihisha madaftari. Jumamosi niliita bodaboda. Sikuwa na hasira wala huruma iliyonisukuma. Jina lake lilikuwa linabaki bila kuitikiwa kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa naliita.

Baba yake nilimkuta chini ya kibanda cha nyasi akichonga nira ya ng'ombe. Alikuwa mtu mzima, mkavu, amejifunga shuka begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae." Akanisogezea kigoda, akaendelea kuchonga. "Jumapili ile ng'ombe wangu walikuwa mtoni. Lakini sitakuapia. Mtu akishakuita mwizi, hata kiapo chako atasema umekiiba."

"Sikuja kwa habari za ng'ombe, mzee. Nimemfuata mwanafunzi wangu."

"Mimi sijamzuia. Mwenyewe amekataa."

Vipande vya mti vilikuwa vinadondoka miguuni pake. Kisha akaweka shoka dogo chini.

"Binti aliniambia ulizika mama."

"Ndiyo."

"Pole sana."

"Nimeshapoa, mzee."

"Alikuwa anapenda nini?"

Sikumwelewa mara moja. Watu wote walikuwa wameniuliza amekufa kwa nini, aliugua muda gani, hospitali walisemaje. Majibu ya hayo nilikuwa nayo tayari.

"Kambale," nilisema. "Kambale wa kubanikwa." Nikadhani nimemaliza. Lakini nikajisikia nikieleza jinsi alivyokuwa akibishana na wauza samaki mpaka wanamfukuza, halafu kesho yake wanamwekea kambale mnono pembeni. Nikaeleza kwamba alikuwa akicheka misibani, hawezi kujizuia, mpaka tulikuwa tunamkalisha nyuma. Kwamba alilima jaruba lake mwenyewe mpaka mwaka ule, na hakutaka mtu yeyote amsaidie kupanda kwa sababu eti tunapinda mistari. Mke wa yule mzee alitoka ndani akakaa chini kusikiliza. Hakuna aliyeniambia pole. Machozi hayakuja. Nilipoishiwa maneno, koo lilikuwa linauma kama la mtu aliyefundisha mikondo yote siku moja.

Msichana alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alianza kusikiliza wapi.

"Madam, na kitalu je? Miche ya pili nayo wameila?"

"Sijaangalia."

"Hujaangalia?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Tangu Jumatatu? Nani anamwagilia?"

"Sijui."

"Itakuwa imekauka yote!" Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Mama, naenda shule."

"Leo Jumamosi," mama yake alisema.

"Najua."

Tulipanda bodaboda mishikaki, yeye katikati, mimi nyuma. Tulipozunguka maabara tukamkuta mwenyekiti ameinama kwenye kitalu, amekunja suruali mpaka magotini, anamwagilia kwa kopo alilolitoboa matundu. Udongo wa kitalu ulikuwa umelowa vizuri. Haikuwa mara yake ya kwanza. Alipotuona alisimama, kopo likiendelea kuvuja kwenye miguu yake.

"Miche ni mizima," alisema, bila kumwangalia yeyote kati yetu. "Na chainizi inachipua tena kwenye vishina." Akaliweka kopo chini. "Nimempigia baba simu. Nimemuuliza ng'ombe waliokula mpunga wetu walikuwa wa nani. Hajui. Hakuwaona, aliambiwa na watu."

Msichana alikuwa ameshachuchumaa, anachunguza majani kwa chini.

"Hapa wameanza wadudu mafuta," alisema. "Leta majivu ya jikoni, tuyanyunyizie."

Mwenyekiti akaenda kuyaleta.

Wiki iliyofuata yule mzee alikuja na mkokoteni wa ng'ombe umejaa matawi ya miiba. Mkuu wa shule alitoka kumpokea na kuanza kusema juu ya ushirikiano wa jamii na shule, lakini wanaklabu walikuwa wameshaanza kushusha. Mwenyekiti alimwamkia mzee. Mzee akaitikia, akamtazama kidogo mikono, akampa upande mzito wa tawi. Walijenga ua mpaka jua likawa limeinama, na mwisho mke wa mzee, aliyekuja juu ya mkokoteni, akagawa maziwa. Safari hii mwenyekiti alikunywa. Niliandika moyoni kwamba amekunywa, na kwamba zamani hilo lingenifurahisha.

Nyanya zilianza kuiva mwezi wa kumi. Ng'ombe hawakuingia tena. Mboga zilikwenda jikoni mara mbili kwa wiki, na klabu ikapata watu wengi kuliko tulivyoweza kuwapa majembe. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, mgeni kabisa kwenye klabu, mwenye bidii ya kutisha. Alasiri moja nilifika nikamkuta ameng'oa karibu tuta zima la miche mipya ya nyanya, akaipanga vizuri pembeni, akidhani ni magugu.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka sauti iligonga ukuta wa maabara ikanirudia, ndoo zikasimama, na mpishi akachungulia dirishani. Mtoto alikuwa amekauka, mche mmoja bado mkononi.

"Samahani, madam."

Nikapiga magoti kwenye udongo uliolowa na kuanza kuirudishia. Baada ya muda naye akapiga magoti, akawa ananipa mche mmoja mmoja, nami nashindilia udongo kwa vidole. Yule msichana akaja na maji bila kuitwa. Tulifanya hivyo mpaka tuta likaisha. Kisha nikaenda pampuni kunawa, nikanawa kwa muda mrefu, kwa sababu niliusikia ubaridi wa maji mpaka kwenye vidole.

Baadhi ya ile miche ilishika. Mingine ilikauka.