Mkunazi wa Mama Kabira

Habari za kifo cha mamake zilimkuta Metrine akipiga pasi, huko Riyadh. Dadake Sellah alipiga simu kutoka Vihiga, akasema kwa kifupi kwamba walikuwa wameshamzika. Wasingeweza kumngoja mtu ambaye kafili wake, yule bosi aliyemwajiri, hangemruhusu kusafiri. Metrine akasema sawa. Akairudisha simu mfukoni, akaendelea na kanzu ya bosi mpaka ukosi ukasimama wima.

Aliyangoja machozi. Aliyangoja jikoni, akayangoja katika kile chumba chake kando ya mashine ya kufulia, hayakuja. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Siku moja pasi ikamlalia mkononi, na hakuuondoa mkono mpaka madam, mke wa bosi, alipoifuata harufu na kuingia.

"Mkono wako," madam akasema. "Husikii?"

"Nasikia, madam."

Lakini hakuwa akisikia, na madam alilijua hilo. Hakuwa mtu mbaya madam, ila hakujua afanye nini na mfanyakazi aliyekuwepo na hayupo. Akampeleka Jeddah kwa mama yake mzazi, mjane aliyeishi peke yake mtaa wa Ruwais katika nyumba kuukuu yenye ua mdogo wa ndani.

"Huko kazi ni nyepesi," alimwambia njiani. "Na mama hapendi watu wa maneno mengi."

Metrine akamwita bibi yule Mama Kabira, kama wafanyakazi wote wanavyowaita wazee wa nyumba. Alikuwa mfupi, magoti mabovu, ulimi mkali. Uani kwake ulisimama mkunazi ambao miiba yake ilikwaruza ukuta kila upepo ulipovuma kutoka baharini. Siku ile ile ya kwanza aliushika mkono ulioungua, akaugeuza kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Nani amekutibu?"

"Mafi mtu. Hakuna."

"Yalla, lete ngazi."

Metrine akapanda kuchuma majani ya mkunazi, bibi akabaki chini akimwelekeza kwa fimbo: si hayo machanga, si hayo ya upande wa barabara yaliyokula vumbi. Mengine wakayachemsha, na maji yake yalipopoa yakaosha kidonda asubuhi na jioni. Mengine wakayaanika kivulini juu ya shuka, yakasagwa, yakachekechwa. Unga ule ulikuwa wa nywele. Kila Ijumaa Metrine aliukoroga kwa maji ya vuguvugu, akaupiga mpaka ukatoa povu, akakiosha kichwa cha Mama Kabira, ambaye alifumba macho na kulalamika kwamba vidole vya msichana huyu ni vigumu.

Kidonda kikafunga. Pengine kingefunga tu chenyewe.

Kunazi zilipoiva nyingine walizila papo hapo, nyingine wakazikausha, wakazitwanga na kuzichanganya na unga wa mkate.

"Tamu?" bibi akauliza.

"Sijui, mama."

"Kula hata kama hujui."

Akala. Miezi ikaenda hivyo, akifanya alichoambiwa, akilala alipoambiwa alale. Hakuwa na huzuni wala nafuu.

Asubuhi moja alipeleka chai, akamkuta Mama Kabira amelala ubavu juu ya mkeka wa kusalia, mkono chini ya shavu. Akamgusa; alikuwa wa baridi. Akaitua chai sakafuni, akampigia madam simu.

Madam akafika kwa ndege ya mchana. Mwoshaji wa maiti, mama jirani wa Kihadhrami mwenye mikono mipana, alikuwa ameshakunja mikono ya nguo yake. Akauliza majani ya mkunazi yako wapi.

Metrine akamtazama madam. Alidhani anaulizwa dawa ya nywele.

"Ni ya kumwoshea," madam akasema. "Sisi huwaosha wafu wetu hivyo. Saga."

Akasaga. Akachekecha, akatia maji, akalipiga povu beseni zima. Mwoshaji akaufungua mlango kidogo, akalipokea.

"Umelipiga vizuri. Nani amekufundisha?"

"Yeye mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Metrine akasimama nje akiyasikiliza maji yakimiminwa, yakikatika, yakimiminwa tena. Walipokwisha kumpeleka makaburini, na wanawake wamejaa sebuleni wakinywa kahawa, alikwenda uani akampigia Sellah.

"Mama aliogeshwa na nani?"

"Mimi, na mamake Norman wa jirani. Kwa nini?"

"Kwa sabuni gani?"

"Ya kipande, ile ya kufulia. Ndiyo tuliyokuwa nayo."

"Maji yalikuwa baridi?"

"Vuguvugu. Nilipasha mwenyewe." Sellah alikuwa ameanza kulia. "Metrine, uko sawa?"

"Nilitaka tu kujua," akasema. Akabaki na simu sikioni, dada analia, yeye anasikiliza, mpaka muda wa maongezi ukaisha.

Nyumba ya Ruwais ikafungwa, Metrine akarudishwa Riyadh. Juma la pili madam alimwita bafuni, kichwa kinamuuma, hajalala tangu mazishi. Madam alikuwa ameubeba unga wa mkunazi uliobaki Jeddah. Metrine akaukoroga, akampaka, akasugua polepole kuanzia kisogoni. Mabega ya madam yakaanza kutikisika.

"Endelea," madam akasema.

Metrine akaendelea. Baadaye madam akauliza, bila kugeuka, kama Metrine naye analia.

"Hapana, madam," akasema, na ilikuwa kweli. Akafungua maji, akamsuuza mpaka yakatoka meupe, kisha akaenda kutafuta taulo.